Jibu la Muzee Halifutwi

Sisi tunaoandika programu hapa Goma tuna ukurasa wetu wa maswali na majibu kwenye mtandao. Kila mmoja wetu anaruhusiwa kuongeza, kusahihisha na kufuta. Kufuta ndiko kulikotushinda. Majibu ya kwanza yaliandikwa na muzee aliyetufundisha kazi hii, tunayemwita papa kwa heshima, na nani atafuta maneno ya muzee? Ukiona amekosea, unaandika chini yake: "Papa amesema vizuri. Pamoja na hayo…" Halafu ndipo unaweka ukweli.

Swali moja lilihusu umeme: ukikatika wakati programu inahifadhi data, ufanye nini na ile faili ndogo inayobaki pembeni? Muzee alijibu kwamba ni uchafu, ifutwe. Sivyo hata kidogo. Programu ikiwashwa tena, hujiponya kwa kutumia faili hiyo hiyo, ukiifuta umeizika. Chini ya jibu lake tulipanga "Papa amesema vizuri" nyingi, yangu ikiwa ndefu kuliko zote, tena yenye mifano. Adabu yangu ilinifurahisha sana.

Umeme wa Goma mnaujua. Ulikatika kwenye maternite moja ya Mugunga, kituo cha kina mama na watoto, ambako dada mmoja wa kundi letu alikuwa ameweka programu ya chanjo za watoto. Alifungua ukurasa kwenye simu, akasoma jibu la juu, akafuta faili. Nani anasoma mpaka chini wakati wamama wamejaa mlangoni? Data haikufunguka tena. Nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, na wamama wengi walikuwa wamekimbia vita makwao bila karatasi za chanjo. Ikawa hakuna anayejua mtoto yupi amechanjwa na yupi bado.

Kundi lilijadili. Wengine walipendekeza tuweke onyo, chini kabisa. Nilikasirika, nikaenda nyumbani kwa muzee kumwomba ruhusa ya kufuta. Alinipa chai, akavaa miwani, nikamweleza ya Mugunga huku akisoma ukurasa wote polepole. Nilingoja anifokee kwa kutaka kugusa maneno yake.

"Hii yako uliandika lini?" akauliza, kidole juu ya jibu langu.

"Zamani, papa."

"Na hawa wote walijua?"

"Walijua."

"Sasa munaniheshimia ao munanichekelea? Munaniacha nadanganya watu, jina yangu juu, na ninyi munasema nimesema muzuri?"

Niliona aibu hata chai ikanishinda kunywa. Akafuta jibu lake mwenyewe, akafuta na yetu yote, akaandika lililo sahihi kwa maneno machache. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake.

Tulipanda pikipiki mpaka Mugunga. Tulimkuta dada mbele ya ordinatere, ile kompyuta ya kituo, akiwauliza wamama mmoja mmoja ni chanjo gani wanazokumbuka. Muzee akavuta kiti karibu naye, akawaambia: "Ni mimi niliandika ile jibu ya uongo. Munisamehe."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimtazama, halafu akanigeukia mimi. Akataka kujua mbona sisi vijana tuliojua hatukumwambia muzee.

Nikamjibu kwamba tulimheshimu.

"Na mutoto wangu je," akasema, "yeye hamukumuheshimia?"