Nilimwita Babu Mwongo kwa Sababu ya Bitana ya Kofia

Wapendwa wasomaji, kosa ni langu mimi. Sikulewa, sikudanganywa na mtu, wala hakuna shetani aliyenipitia. Nilikosea nikiwa na akili zangu timamu na lenzi ya kukuzia mkononi!

Nafanya kazi Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, kwenye duka la vitu vya kale. Bosi wangu ni mzee wa Kisaudi anayezipenda kofia za chuma za jeshi la Mwingereza kuliko baadhi ya jamaa zake, naamini. Kazi yangu ni kuzipangusa vumbi, kuzipiga picha na kuandika maelezo ya wanunuzi wa mtandaoni.

Bosi alinifundisha kuzitambua. Yenye ukingo mtupu unaokata kidole ni ya vita vya kwanza, tena ya mwanzoni. Yenye umbo la kobe ilikuja vita vya pili vikielekea kuisha. Halafu unatafuta mwaka uliopigwa chapa, na hapo umeshajua umri wake. Nilikaa mwaka mmoja nikisikiliza nusu na kuchezea simu nusu, nikajiona nimehitimu.

Sasa, kwetu Kitui kulikuwa na kofia kama hizo. Babu yangu, marehemu, alirudi nayo kutoka vita vya Burma. Uzeeni aliivaa akienda kuangalia mizinga yake, ijapokuwa nyuki hawapigi risasi. Mimi ndiye niliyerithi jina lake, kwa hiyo Nyanya hajawahi kuniita mjukuu. Tangu nikiwa mtoto ananiita "mume wangu", na kila nikipiga simu kutoka huku neno la kwanza ni hilo.

Mwaka jana familia iliamua kumjengea Babu kaburi. Baba Mkubwa, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu kwetu, alitaka jiwe liandikwe "Askari wa Burma". Akatuma picha za ile kofia kwenye kundi letu la WhatsApp ili tuone fahari yetu. Nani alimwambia anitumie mimi picha!

Nikaikuza ile picha kwa lenzi ya dukani. Ukingo ulikuwa umejaa kutu na nta ya nyuki, sikuuhangaikia. Nikaenda moja kwa moja kwenye bitana, kile kitambaa cheusi cha ndani, na chapa yake ilisomeka vizuri kabisa. Mwaka wenyewe ulikuwa wa baada ya vita. Si miezi, ni miaka kadhaa.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilichora mishale myekundu juu ya picha! Nikaandika: "Samahani wazee wangu. Kitaalamu, kofia hii ilitengenezwa vita vimekwisha. Babu hakuwa nayo Burma. Huenda aliipata sokoni."

Kisha Baba Mkubwa akaandika, "Kumbe mzee alitucheza?" Vijana wakaanza kunipa jina la Profesa, na nakiri nililifurahia. Niliweka ile picha yenye mishale kwenye status.

Jiwe likachongwa neno moja chini ya jina lake: "Mkulima". Baba Mkubwa kwa hasira akawapa kofia watu wa vyuma chakavu. Nyanya hakusema kitu.

Mtu pekee aliyenikemea ni binamu yangu Mueni, anayeshona nguo Ghulail, kule Jeddah. Alinipigia akauliza, "Wewe, umeuliza Nyanya kabla ya kuandika hayo mambo?"

"Nyanya anajua nini kuhusu helmet?" nikamjibu. Mungu anisamehe! Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Miezi ikapita. Siku moja bosi akasema, "Yalla, Jeddah," yaani twende. Kulikuwa na mtu anauza kofia, bosi akataka tukaione pamoja. Nilipoishika niliona ni sawa kabisa na ile ya Babu. Nikachungulia ndani, nikasoma bitana, nikatangaza kama hakimu: ya baada ya vita.

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Akatoa bisibisi, akafungua skrubu moja tu ya utosini, bitana nzima ikatoka mkononi mwake. Kisha akasugua ukingo kwa kidole gumba. Mwaka uliogongwa kwenye chuma ulikuwa wa vita.

"Kitambaa kinaoza, kinabadilishwa," akasema. "Chuma ndicho chenye umri wa kofia. Nilikuambia siku ya kwanza. Ulikuwa na simu."

Bosi alipomaliza biashara yake nilimwomba ruhusa, nikaenda Ghulail. Mueni aliponiona alisimamisha cherehani. Nikamweleza. Hakunisimanga, alimpigia tu Nyanya na kuiweka simu juu ya meza, katikati ya vitambaa.

"Nyanya," nikasema, "ile bitana ya kofia ya Babu..."

"Ile ya kwanza ililiwa na panya," Nyanya akasema. "Nilimwomba ndugu yangu aliyekuwa akifagia stoo ya kambi ya jeshi, akaniletea nyingine. Niliifunga mwenyewe, kwa kisu cha mboga. Babu yako hakuweza, vidole viwili aliviacha hukohuko Burma."

Vile vidole! Nilivijua tangu utotoni. Alikuwa akinimenyea machungwa kwa vidole vitatu!

"Mbona hukusema, Nyanya?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaongea na picha."

Nililia mbele ya Mueni bila aibu. Nikasema nitagharamia jiwe jipya, nitawaandikia wote, nitamsafisha Babu jina. Nyanya akanisikiliza hadi mwisho.

"Acheni hivyo," akasema. "Mkulima pia alikuwa. Hilo angalau hamna wa kulipima. Haya, lala salama, Profesa."

Nimempigia mara nyingi tangu siku hiyo. Ananisalimia vizuri, ananiuliza kama ikama yangu, kibali cha kuishi huku, imetoka na kama nakula. Kundini niliandika ukweli wote, wakaweka vidole gumba. Lakini "mume wangu" sijaisikia tena.

Kwa hiyo wewe uliyejifunza kitu kimoja ughaibuni ukaona umewazidi wa nyumbani, nakuomba, kabla hujachora mishale yako, mpigie bibi yako kwanza. Umwulize ukiwa bado una jina alilokupa.