Gitaa Lililovaa Njuga

Mimi ni mpekuzi, sikatai. Nilipomwona Jovin akirudia wimbo mmoja wa roki asubuhi nzima kwenye kibanda chake cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu, hapa Mikumi, nilivuta kigoda nikamuuliza anatafuta nini humo. Wimbo wenyewe wa zamani, magitaa yanakwaruza, mzungu anapiga yowe.

"Natafuta mahali pa kuchezea," akanijibu.

Jovin ni Msukuma wa Tindiga. Kwao huko, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hushindana kwa kucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wakikuhama, umeshindwa. Mwaka jana aliuchukua wimbo huohuo, alioupenda tangu utotoni, akaukimbiza na kuubebesha ngoma nzito za kompyuta ili kikundi cha dada yake, Devotha, kiuchezee. Haukufika katikati, watu wote walikuwa wameshahamia kwa wapinzani. Baba yao, mzee Ngolo, akamwambia hadharani kwamba akishindwa tena aachane na maspika, arudi kuchunga. Iliniuma, maana Jovin na ng'ombe ni mbingu na ardhi.

"Lakini walihama kwa nini?" nikazidi kumchokonoa.

Hakujua. Nikamwambia amuulize mchezaji, kuuliza si ujinga. Akampigia Devotha, akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Ngoma zako zilimeza njuga," Devotha akasema. "Tulikuwa hatusikii miguu yetu, Jovin."

Jovin akaanza kufuta. Aliondoa ngoma zote alizozitia, akabakiza magitaa na yowe, akapunguza mwendo. Nilidhani amechanganyikiwa. Wimbo wa kuchezwa usio na ngoma niliuona wapi mimi?

Siku ya mashindano nilikodi bodaboda hadi Tindiga, roho haitulii. Gitaa lilipoanza peke yake watu walicheka, nami nikaona aibu kwa niaba yake. Mzee Ngolo alikuwa amesimama upande wa pili, kwa wenye ngoma zao za ngozi. Ndipo kikundi cha Devotha kikakanyaga ardhi kwa pamoja, njuga za miguuni zikaitika, na kile nilichokuwa nikikikosa kwenye wimbo nikakisikia. Mtu mmoja akavuka uwanja, wakafuata watatu, kisha nikaacha kuangalia nani anavuka kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nacheza.

Mzee Ngolo alivuka mwishoni kabisa, fimbo begani, akaenda moja kwa moja kwenye maspika.

"Huyu mzungu analilia nini?"

"Sijui, Baba."

Mzee alitega sikio tena.

"Huyu kapotelewa na ng'ombe," akasema, akaketi juu ya boksi la nyaya. "Urudie. Wa kwetu nitawachunga mwenyewe."