Nilisahihisha Sentensi Moja, Baba Mdogo Akaonekana Mwongo

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Baba mdogo amesimamishwa kazi kwa sababu ya sentensi niliyoiandika mimi, na ameonekana mwongo kwa sababu nilikwenda kuisahihisha kimyakimya. Naandika, nafuta, naandika tena. Nisipotuma leo sitatuma.

Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Naishi Mtwara mjini kwa baba mdogo, aliyenichukua tangu nilipoanza sekondari. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nilikuwa najua jibu na bado sinyooshi mkono. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kujitolea kwenye ofisi moja inayohudumia kompyuta za maghala ya korosho, nilifurahi kupewa kazi ya kukaa na kuandika.

Zamani ghala likipata hitilafu, karani alimpigia fundi. Sasa anapiga namba moja, inapokelewa na akili mnemba, hii AI mnayoisikia, inamsikiliza na kufungua taarifa ya tatizo. Lakini haijui kitu mpaka iandikiwe: hii ni zana ya kufungua taarifa, hii ya kupanga uharaka, hii ya kumwita fundi, na kila moja itumike wakati gani. Maelezo hayo ndiyo niliyokuwa naandika mimi. Kwenye zana ya kupanga uharaka niliandika, "Mpigaji akisema hali ni salama au tatizo ni dogo, weka si haraka." Nilifuata mfano wa Kiingereza niliopewa. Bosi wangu, kaka mmoja mpole aliyehamia huku kikazi, alisoma akasema, "Safi, umeandika kwa ufupi."

Nilisahau jinsi sisi wenyewe tunavyozungumza. Mtu amefiwa, lakini ukimpigia simu anaanza na "salama tu", halafu ndipo aseme mzee hatunaye.

Baba mdogo ni karani wa ghala upande wa Mpapura. Siku ya kupokea korosho, mizani ya kompyuta ikagoma. Akapiga ile namba kama walivyoagizwa, akajibiwa kwamba taarifa imepokelewa, akasubiri. Magunia yamepangwa nje, wakulima wamekaa juu yake. Fundi hakuja. Alasiri mvua ikanyesha, korosho zikalowa, na watu waliozihangaikia mwaka mzima wakaambiwa zimeshuka daraja. Walimtukana baba mdogo mpaka wazazi wake.

Nilipoiona taarifa kwenye kompyuta ya ofisini, niliisoma mara mbili. "Hali salama. Mizani ina tatizo dogo. Si haraka." Palepale nikaifuta sentensi yangu. Nikaandika kwamba salamu na maneno ya adabu yasihesabiwe, itazamwe ni kitu gani kimesimama na nani anasubiri. Nikahifadhi. Sikumwambia mtu, nikadhani nimetengeneza.

Wiki iliyofuata baba mdogo akaitwa ofisini kwetu. Pale hawajui kwamba ni ndugu yangu. Aliponiona akasema tu, "Hujambo mama," kama hanijui, nisije nikasemwa nimeletwa na mtu.

Bosi akamuuliza, "Mzee, siku ile uliiambia nini?"

"Nilisema salama, kuna kitatizo kidogo tu hapa, mizani imegoma, wakulima wanasubiri."

Bosi akaweka simu mezani, sauti juu, akapiga ile namba na kuyarudia maneno yale yale. Mashine ikajibu kwamba mizani imesimama, wakulima wanasubiri, ni dharura, fundi anaitwa.

"Sasa mzee wangu, mbona mimi imenielewa?"

"Labda leo imeamka vizuri," baba mdogo akasema, akacheka peke yake.

"Au siku ile hukusema hivyo."

"Mimi mtu mzima, kaka. Nilisema hivyo."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Wakubwa wake wa ghala wakamwambia akae nyumbani mpaka kikao chao cha wiki ijayo kiamue kama anaendelea na kazi au basi.

Tangu hapo siwezi kutulia. Vyombo nilivyokwisha kuosha naviosha tena. Natoka naenda mpaka ufukweni Shangani, nikifika sikai, narudi. Jana baba mdogo alinifuata, tukatembea pamoja. Akanitania, "Ile mashine yenu haikwenda jando. Mtu mzima akisema kidogo, yenyewe inaamini ni kidogo." Nikacheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Halafu akapunguza mwendo. "Lakini nimeanza kujiuliza, mwanangu. Pengine kweli sikusema. Pengine umri umeanza kunila."

Nilitazama mbele mpaka tukafika nyumbani.

Maneno yangu ya zamani bado yapo kwenye kumbukumbu za mfumo, najua pa kuyatafuta. Nikiyaonyesha, bosi aliyeyasoma akayapitisha ataaibika mbele ya wakubwa wake, na nafasi ya ajira anayonipigania nitaipoteza. Baba mdogo naye atajua kwamba nilikaa pale mlangoni nikimtazama akiitwa mwongo. Nikinyamaza atapoteza kazi, na ataendelea kuamini kwamba akili yake imeanza kumwacha, wakati kila neno alilolisema ni la kweli.

Kaka na dada zangu, nianzie kwa nani, kwa bosi kabla ya kikao au kwa baba mdogo kabla ya bosi? Na mtu ambaye sauti haimtoki mbele za watu anaanzaje kusema jambo kama hili? Nishikeni mkono.

Na wewe uliye Mtwara, kama umeshatutambua, nakuomba likae kwako. Usimpigie baba mdogo kumpa pole. Akilijua, alijue kutoka kwangu.