Ujumbe Usio na Shikamoo

Gaspar, fundi wa seva Ubungo, hakuchoka kuwaonya ndugu zake kuhusu matapeli wa simu. Siku hiyo seva iligoma, tovuti ya ofisi haifunguki, bosi anafoka. Ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni: "Kaka, ni mie Demetria, natumia simu ya jirani. Mama kazidiwa, njoo nyumbani haraka."

Gaspar akasonya. Matapeli hawa! Mdogo wake, hata nyumba ikiungua, angemwamkia kwanza. Akaibloku namba bila hata kuipigia, akarudi kwenye seva.

Jioni tovuti ikafunguka. Akarudi nyumbani Ukonga, akakuta turubai limeshafungwa uani, wanawake wanalia. Demetria alimtazama kwa macho makavu.

"Shikamoo, kaka."