Kituo Kilichopewa Jina la Vidonge

Mama yangu mkubwa, Avelina, aliishi miaka thelathini na mmoja ya ujane wake katika nyumba ya vyumba sita pale Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata mara moja akitaja jina la kituo cha basi kilichokuwa mbele ya mlango wake. Akimwelekeza mgeni alisema, "Shuka penye duka la Wahiba." Nilipokuwa msichana nilidhani ni ukaidi wa uzee. Baadaye, nilipokwisha kuyapata mambo haya kutoka kwake na kwa Bi Wahiba mwenyewe, nilielewa kwamba ilikuwa ni karaha iliyomkaa kooni, na ninakiri kwamba mimi nimeirithi nzima.

Mumewe, Mwalimu Anselmo, alitoka Bukoba kuja kufundisha shule ya misheni. Jioni, akishavua viatu, alitundika ubao kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yake na kuwafundisha kusoma watu wazima waliokaa barazani: wapagazi wa bandarini, madobi, mafundi seremala wenye vumbi la mbao nywelini. Hakudai kitu. Dar es Salaam ina desturi yake, kwamba mahali pasipo na jina hupewa jina la mtu. Mtu akichimba kisima, akifungua duka, akijenga nyumba ya kwanza palipokuwa pori, basi pale panakuwa kwake, na huendelea kuwa kwake hata akiwa amelala kaburini. Hivyo pale pakawa Kwa Mwalimu. Mabasi yalipoanza kupita barabara ile, kondakta naye alipiga kelele, "Kwa Mwalimu!" na watu wakashuka.

Mwalimu alifariki mwaka 1952. Hawakujaliwa mtoto. Kwa mjane wake, kelele ile ya kondakta, mara kumi au ishirini kwa siku, ilikuwa ndiyo misa ya marehemu. Alikuwa akisita na kijiko mkononi, akiisikiliza mpaka imalizike.

Mwezi wa Machi, mwaka uliofuata, alisafiri kwenda kwa wakwe zake kumaliza msiba. Nyumba alimwachia shemeji yake, Gaspar, karani wa ghala bandarini, aliyekuwa akikaa chumba cha uani. Mama mkubwa aliniambia kwamba ni katika safari ile ndipo alipoanza kuviona vibao. Kila stesheni, tangu Morogoro hadi Mwanza, ilikuwa imepigiliwa bati lenye rangi: mwanamke yuleyule mwenye meno ya kupita kiasi akishika sabuni ileile, kikombe kilekile cha chai kikitoa moshi uleule. Dodoma watu walikuwa wamekaa chini ya kikombe hicho na watoto wao waliokonda kwa njaa ya mwaka ule. Bukoba, katika nyumba ya msiba, alikuta kalenda ya kiwanda cha sigara imetundikwa msumari mmoja na msalaba, na watu wakisali wakiielekea. Aliwauliza wenyeji kwa nini. Walimjibu kwamba picha yake ni nzuri, tena ilitolewa bure.

Alirudi mwezi wa Juni. Akapanda basi na mizigo yake, akakaa upande wa dirisha akisubiri kusikia jina la mumewe.

"Nyati! Wa Nyati washuke!" alipaza sauti kondakta. Watu walishuka, basi likaondoka. Mama mkubwa aliendelea kusubiri hadi basi lilipofika mwisho wa safari na yeye kubaki peke yake.

"Mwanangu," alimwuliza kondakta, "mbona hukuita Kwa Mwalimu?"

"Kwa Mwalimu ndiyo wapi, mama?"

Dereva alicheka. "Si palepale Nyati! Zamani pakiitwaga hivyo."

Zamani hiyo ilikuwa na umri wa miezi mitatu. Kondakta, kwa kutaka kumfariji, alimweleza kwamba karibuni hatapotea tena, kwa kuwa mwezi wa Agosti kampuni ya mabasi ingesimika nguzo za chuma katika kila kituo, zenye majina yaliyoandikwa, na jina likishaandikwa halibadiliki.

Walimrudisha bure. Alishuka, akaona.

Ukuta wote wa mbele ulikuwa umepakwa rangi ya njano, njano ya manjano ya mchuzi. Juu yake alisimama nyati mweusi mkubwa kuliko nyumba ilivyostahili, macho mekundu, pua zinatoka moshi, na fundi alikuwa amempanga kwa ustadi mbaya kiasi kwamba mlango uliangukia katikati ya miguu yake. Kila aliyeingia nyumbani kwa Mwalimu Anselmo alipita chini ya tumbo la mnyama yule. Kando yake palichorwa mwanamume kifua wazi akikunja mkono, na maandishi makubwa: VIDONGE VYA NYATI. NGUVU ZA DUME. FIGO SAFI.

Pale hasa ulipokuwa ukitundikwa ubao, sasa paliandikwa NGUVU ZA DUME. Waliojifunza kusoma mahali pale walikuwa wamekaa barazani wakiyasoma.

"Karibu, shoga!" Bi Wahiba alivuka barabara akipunga mkono. Familia yake, Waarabu wa miaka mingi pale Mtoni, walikuwa na duka upande wa pili, na wanawake hawa wawili walipendana. "Umechelewa harusi yako. Mume mpya huyo, ana pembe!"

Mama mkubwa hakucheka. Wahiba alipomtazama vizuri, naye aliacha.

Gaspar alirudi kutoka kazini jioni, akiwa na uso wa mtu anayengoja kushukuriwa. "Shikamoo, shemeji. Umeuonaje ukuta?"

"Nani kafanya uchafu huu, Gaspar?"

"Uchafu? Shemeji, mvua za masika ziliubomoa ukuta mpaka fito zikaonekana. Wamekuja watu wa kampuni ya vidonge, wamepiga lipu ya saruji bila kunidai hata thumni. Nami nikatia sahihi tu. Nilitaka urudi ukute nyumba imependeza."

"Ukatia sahihi kama nani?"

Gaspar aliinamisha kichwa. "Kama mwanamume wa nyumba."

Hati ya kiwanja ilikuwa kwa jina la Avelina, tangu mwanzo. Mwalimu alitaka hivyo, na Gaspar alilijua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa watu wengi mno katika nchi hii waliofundishwa kwamba kitu kikiwa cha bure na kinang'aa, hakina haja ya kuulizwa.

Usiku haukumpa mama mkubwa usingizi, lakini asubuhi ndiyo iliyomwonyesha ubaya wenyewe. Alisikia vicheko kwenye uchochoro wa ubavuni. Akachungulia, akawaona wanaume wazima wanne, mmoja ana mvi, wamepanga mstari wakikojolea ukuta wake.

"Tazama wangu, umeshika kama wino!"

"Wako hafifu, bwana. Meza viwili!"

Vidonge vile vilitiwa rangi makusudi, na rangi ile ilipita mwilini na kuugeuza mkojo kuwa wa buluu. Wauzaji waliwaambia watu kwamba ule ndio ushahidi: uchafu wa figo unatoka. Kwa hiyo wanaume walinunua, wakameza, wakaja kuthibitisha mahali pale pale penye tangazo, wakaitana kuoneshana. Chokaa ya ubavuni ilikuwa na michirizi ya buluu kama ya nguo zilizochuja. Nimesoma vitabu vingi kuhusu biashara na ustaarabu ulioletwa na wakoloni. Sijakutana na ukurasa unaoueleza vizuri kuliko uchochoro ule.

Mama mkubwa aliwamwagia ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Walikimbia wakicheka, suruali mikononi.

Jumamosi gari la matangazo lilifika, lenye kipaza sauti juu na santuri ya muziki wa Kikyuba. Msimamizi wake alikuwa kijana mtanashati kutoka Moshi, jina lake Elinaza, amesoma, tai shingoni, Kiswahili chake kimenyooka. Mama mkubwa alimsogelea akiwa na hati ya kiwanja mkononi.

"Baba, ninaomba ufute kitu hiki. Nyumba ni yangu, na sikuulizwa."

Elinaza aliisoma hati kwa makini, akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Mama, hili ni tangazo tu, si tusi."

"Una mama?"

"Ninaye. Yuko nyumbani, Machame."

"Ungemchorea nyati huyu kwenye ukuta wake?"

Kijana alifikiri, akajibu kwa ukweli wote: "Kwa mama yangu hakuna barabara."

Nilipolisikia jibu hilo kwa mara ya kwanza nililichukia kwa ajili ya mama mkubwa. Siku hizi ninalichukia kwa ajili ya nchi nzima, kwa sababu ndilo maelezo kamili ya kazi ile. Pasipopita watu, mama ni mama. Wakipita, ni ukuta.

"Basi nitaupaka chokaa mwenyewe," alisema mama mkubwa.

"Paka, mama. Mkataba wa shemeji yako hauna nguvu, nakubali, na sitakushitaki. Sie hapa tumeshamaliza kazi." Akaelekeza kidole, si kwenye ukuta, bali kwa watu waliokuwa wamelizunguka gari lake, wakicheza.

Aliupaka. Yeye na Gaspar, Jumapili mbili mfululizo baada ya misa, kwa brashi za katani. Rangi ya mafuta haikubali chokaa kirahisi. Mkono wa kwanza ulipokauka nyati alionekana kama aliyesimama kwenye ukungu, wa pili ukamficha mwili, wa tatu ukamaliza pembe. Macho mekundu yaliendelea kupenya mpaka Gaspar alipoyakwangua kwa panga, bila kuambiwa. Ukuta ulipokuwa mweupe aliutazama, akasema, "Nisamehe, shemeji," na mama mkubwa akampa chai.

Zilibaki wiki tano kabla ya nguzo. Alizitumia zote. Alikwenda nyumba kwa nyumba, mjane aliyevaa nguo nyeusi, mwenye haya ya asili, akiwaomba watu jambo ambalo hakuwahi kufikiri kwamba linaombwa: wamtaje mumewe, maana wasipomtaja, jina lake litakwisha. Wote waliona aibu. Wote waliahidi. Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu waliapa kwa Mungu. Lakini aliporudi na mtungi wake bombani aliwasikia wanawake wale wale wakiambizana, "Tukutane Nyati saa nane," na walipomwona walijishika midomo. Hawakuwa na ubaya. Gari lilipita kila Jumamosi likiimba jina lile mara mia, na makondakta wakalifuata kwa sababu lilikuwa fupi na lilipasuka vizuri mdomoni. Mwalimu Anselmo hakuwa na kipaza sauti.

Aliyekuwa upande wake kwa moyo wote ni Bi Wahiba. Yeye aliwatoza wateja faini ya kejeli. Mtu akiingia dukani na kusema Nyati, alimwambia, "Toka nje, nenda ukaoge buluu yako, kisha urudi kwa adabu."

Siku ya nguzo ilikuwa Jumanne. Mama mkubwa alikuwa dukani akinunua sukari, na duka lilikuwa limejaa. Fundi wa maandishi wa kampuni ya mabasi aliingia akiwa na kopo la rangi na daftari, jasho linamtiririka, ana vituo vingine kumi na tatu mbele yake. Hakusalimu. Aliuliza tu, huku akifungua daftari: "Jamani, hapa panaitwaje?"

Bi Wahiba alikuwa na macho kwenye mizani. Mkono mmoja unamimina sukari, mwingine umeshika karatasi. "Nyati," alijibu.

Sukari iliendelea kumiminika mpaka ikafurika kwenye sahani ya mizani, ikamwagika chini.

"La! La, wewe, futa!" alipiga kelele. "Kwa Mwalimu! Panaitwa Kwa Mwalimu Anselmo! Mwenyewe huyu hapa, mkewe!"

Fundi alimtazama mama mkubwa, akatazama daftari. "Bibi umesema mwenyewe Nyati, tena bila kufikiri. Jina la mahali ndilo hilo, linalotoka bila kufikiri." Hakulisema kwa ubaya. "Na tena ubao wenyewe ni mfupi."

"Ulimi umeteleza, baba!"

"Barabara nzima imeteleza basi, maana kondakta naye kaniambia hivyo hivyo."

Akatoka. Kupitia mlango wa duka walimwona akipanda kingazi na kuandika, herufi tano, nyeupe juu ya buluu, kwa mkono mzuri mno. Bi Wahiba alilia kwa sauti mbele ya wateja wake. Mama mkubwa ndiye aliyembembeleza, akamsaidia kuzoa sukari, kisha akavuka barabara na kuingia nyumbani kwake, kwenye ukuta wake mweupe. Alikuwa ameushinda ukuta, na ukuta peke yake.

Vidonge havikudumu. Baada ya miaka michache madaktari walivisema, maduka ya mjini yakaacha kuviagiza, na kabla ya Uhuru hapakuwa tena na mtu aliyekumbuka kwamba Nyati ilikuwa dawa. Jina lilibaki. Lingeondoka pamoja na uongo uliolileta, ningesema biashara ni biashara. Lakini liligeuka likawa historia.

Mwaka jana nilipita pale kuangalia nyumba, ambayo sasa ni yangu. Duka lina mwenyewe mpya, mtu wa makamo, mkarimu, aliyenipa kiti. Alinieleza kwa ufasaha kwamba zamani za Wajerumani bonde lile lilikuwa na nyati wengi, na kwamba mmoja aliuawa hapo kituoni, na babu yake aliila nyama yake. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamweleza, kwa utulivu niliokuwa nao, kwamba hapakuwahi kuwa na nyati ila wa rangi, na kwamba mahali pale palikuwa pa Mwalimu Anselmo.

Alipendezwa sana. Alivuta kiti karibu.

"Na huyo Mwalimu, mama," aliniuliza, "alikuwa anauza nini?"