Salamu ya Nailantei

Mwalimu Mwaija Mhina, Mola amrehemu, alifundisha darasa la pili katika kijiji kimoja cha ujamaa, nyanda za Handeni. Vitabu vya watoto vilikuwa haba, hivyo alitunga hadithi mwenyewe, zikarudufiwa Korogwe. Watoto wa wakulima wa Kizigua walipenda hasa ile ya mtoto asiye na adabu, ambaye kila alipokutana na mkubwa aliinamisha kichwa na kunyamaza, asitoe shikamoo. Mwishowe alinyimwa ugali.

Mwaka 1975 wafugaji wa Kimaasai wakahamia kijijini. Nailantei, binti wa Mzee Sironka, aliingia darasani, akamwendea mwalimu, akainamisha kichwa, akangoja.

“Ndiye yule wa kitabuni,” akasema Sadala, mmoja wa wanafunzi. “Leo ugali ataunusa tu.”

Darasa zima likacheka. Kesho yake Nailantei hakuja, wala siku zilizofuata. Mwaija akaenda bomani kwao, akakaribishwa maziwa.

“Mwalimu,” Sironka akasema, “kwetu mtoto humpa mkubwa kichwa, naye mkubwa hukigusa. Ndiyo shikamoo yetu. Kitabu chako kinaiita utovu wa adabu. Nimrudishe akafundishwe kwamba hakulelewa?”

“Mzee, niliandika ninachokijua, nacho kilikuwa kidogo. Nitaiandika upya hadithi ile, uisikie wewe kabla ya watoto.”

“Na nisipoipenda?”

“Nitaandika tena. Wino ni wa serikali.”

Sironka akacheka, lakini binti hakumrudisha shuleni.

Adabu ni maji ya chemchemi moja. Kila kaya huyateka kwa chombo chake. Mwaija, aliyelijua hilo kwa moyo, sasa alilazimika kulijua kwa kalamu. Katika hadithi mpya watoto wawili walimtembelea bibi mmoja. Wa kwanza alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba. Wa pili aliinamisha kichwa, akawekewa kiganja utosini. Kisha wote wakala ugali.

Sironka alisikiliza hadi mwisho.

“Huo ugali mkavu,” akasema, “uongezee maziwa.”

Mwaija akaongeza.

Jumatatu Nailantei alirudi. Mwalimu akamgusa utosini mbele ya wote, akampa ukurasa wa kwanza asome. Alisoma kwa kujikokota, kidole kikifuata mstari. Alipokwama, Sadala akamnong’oneza neno.

“Niache,” akasema Nailantei, “ninaliona.”

Akalisoma, akageuza ukurasa.