Gari Jipya na Mgongo wa Baba

Sikununua gari jipya kwa ajili ya sifa, ingawa Kagongwa nzima iliamini hivyo. Kwetu gari hununuliwa likiwa limeshatumika na Wajapani, linafika Kahama limechoka kidogo, na mwenye nalo hamlaumu mtu kwa kuwa alijua anachokichukua. Mimi nilitaka ambalo hakuna aliyelikalia kabla ya baba yangu. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya uti wa mgongo Mwanza, na daktari alinipa maneno ambayo niliyashika kama sala: mzee asitikiswe, na kliniki asikose. Akaongeza kwamba ganzi ikianza miguuni nisisubiri tarehe, nimpeleke siku hiyo hiyo.

Tulimhamishia kwangu, jirani na mashine yangu ya kukoboa mpunga. Ng'ombe wake aliwaachia wadogo zangu kule Segese, na kila jioni alinituma nipige simu niwaulizie mmoja mmoja kwa rangi zao. Hakuwa mtu wa kukaa. Maisha yake yote alinunua na kuuza ng'ombe minadani, akitembea nyuma yao kwa miguu, na sasa alishinda kwenye kiti cha plastiki akisikiliza mashine ikinguruma.

Gari lilipofika, majirani walikuja tukaliosha kwa soda na nyama ya mbuzi, mchungaji akaliombea, na viti nikaviacha na nailoni zake. Baba alilizunguka polepole na fimbo yake, akalipiga ubavuni kwa kiganja kama anavyopiga dume la mnadani.

"Limeshiba," alisema, na mimi nikafurahi kama mtoto.

Furaha yenyewe iliishia mbele kidogo ya Isaka, tukielekea kliniki Mwanza. Lami ilikuwa nzuri, nikaongeza mwendo, na gari likaanza kutetemeka. Tetemeko lilianzia kwenye usukani, likashuka sakafuni, likapanda kwenye viti mpaka nailoni zikawa zinalia. Nikipunguza linatulia, nikiongeza linarudia, na kwa kujikokota tungekuta kliniki imefungwa. Baba alishika kile kishikio cha juu ya dirisha hadi Mwanza, na tulipofika hakuweza kusimama. Daktari alinifokea mbele ya watu. Nilimwambia gari ni jipya, naye akanitazama kama mtu anayesikiliza uongo.

Tuliporudi, baba alitoa hukumu yake.

"Litibiwe kwanza lenyewe," alisema, "halafu ndiyo mimi."

Basi nikaenda Kahama, kwenye tawi la kampuni iliyoniuzia. Mapokezi kulikuwa na binti mwenye sauti ya asali. Alinipa kahawa, akanikalisha mbele ya runinga iliyokuwa ikionyesha magari yao yakipanda milima isiyo ya kwetu. Mchana waliniletea gari limeoshwa, linang'aa.

"Mama, gari lako liko vizuri," binti alisema.

"Mmeliendesha?"

"Fundi ameliendesha."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kioo. Alikuwa akinionyesha yadi yao, mahali ambapo hata baiskeli haipati nafasi ya kukimbia.

Nilirudi tena. Safari hiyo waliniambia kinachotetemeka ni nailoni za viti, wakaziondoa bila kuniuliza, wakazikunja na kunikabidhi kwenye mfuko. Nikarudi tena. Binti yule yule akaniambia, kwa upole uleule, "Mama, tatizo ni barabara zenu." Hilo neno zenu lilinichoma, kama vile yeye aliletwa asubuhi na ndege na jioni anarudi kwao. Nilimweleza kwamba nazungumzia lami, ile yanayopitia malori ya Rwanda, siyo vumbi la Segese. Aliandika kitu, akasema tutakupigia. Hawakupiga. Nikawa napiga mimi, mpaka ule muziki wao wa kumsubirisha mtu nikawa nauimba nikipepeta mchele, kwa hasira.

Tarehe ya kliniki ikapita. Nilikodi Noah ya jirani, baba akaingiza mguu mmoja akautoa. Alisema kama jipya limemfanya vile, hilo kuukuu litamzika. Nilibembeleza, nikagomba, nikanuna. Mzee wa Kisukuma akishakataa, amekataa. Nami sikutulia. Nilikuwa naacha wateja kwenye mashine, naliwasha gari peke yangu, nakwenda Isaka na kurudi, nikitumaini limepona lenyewe. Kanisani nilishika benchi la mbele nikijikuta nasikiliza kama nalo linatetemeka. Nilimchukia yule binti, nikamchukia meneja ambaye sijawahi kumwona, nikalichukia gari, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilimchukia na baba kwa ukaidi wake.

Halafu asubuhi moja baba alitoka kwenda kuota jua. Ndala yake ya kushoto ilinasa kwenye kizingiti, ikabaki pale. Yeye akaendelea kutembea, mguu mmoja mtupu juu ya kokoto, bila kujua.

Niliokota ndala nikamfuata.

"Baba, mguu huusikii?"

Aliiangalia ndala mkononi mwangu. "Imelegea hiyo," alisema.

"Leo tunakwenda Mwanza. Nitakubeba kama gunia."

Akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza tangu nilinunue gari. "Huyo aliyekuuzia, aliwahi kulipanda na wewe?"

"Hapana. Anakaa ofisini."

"Basi hajakuuzia bado. Mnadani mwenye ng'ombe ndiye anamtembeza. Mnunuzi anafuata nyuma, anaangalia miguu. Nipeleke kwake amtembeze, ng'wana wane. Akimaliza, nipeleke unakotaka."

Nilijua Kahama ni upande usio wa Mwanza. Lakini ndiyo njia pekee aliyonipa, nikaishika. Nilimweka kiti cha mbele, nikaenda taratibu, pikipiki zikinipita.

Pale yadi baba aligoma kushuka. Binti alikuja, akamwita mtu, mtu akamwita mwingine, hadi meneja mwenyewe akatoka, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa. Aliinama dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Ingia unitembezee ng'ombe wako."

Meneja alinitazama mimi. Sikumsaidia. Alishaamkia, na mtu akishamwamkia mzee hawezi tena kumgeuzia mgongo mbele ya wafanyakazi wake wote. Alivua koti, akakaa kwenye usukani, nami nikapanda nyuma.

Tulitoka mjini kuelekea Isaka. Alianza kuendesha kwa adabu, polepole.

"Ongeza," baba alisema.

Akaongeza. Tukaipita Kagongwa, tukaipita mashine yangu, na gari likaanza. Niliona mikono ya meneja ikicheza kwenye usukani.

"Inawezekana ni upepo, mzee," alisema.

"Ongeza."

Kutoka nyuma niliiona shingo ya baba. Jasho lilikuwa likimtiririka na mshipa umesimama, na mkono wake mmoja ulikuwa umebana kiuno. Nilitaka kupiga kelele asimamishe. Mgongo niliokuwa naulinda miezi yote hiyo, mwenyewe alikuwa ameutoa uwe shahidi, na nilijua nikiuzuia tutaambiwa tena ni nailoni.

"Ongeza, baba," mzee alisema mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Meneja hakuongeza. Alisimamisha pembeni, akaweka mikono mapajani. "Nimeona, mzee," alisema. "Nisamehe." Alinigeukia na mimi pia, akasema samahani mama.

Tuliporudi yadi, wanaume wawili walimtoa baba garini na kumlaza kwenye kochi la mapokezi, chini ya runinga. Binti alimletea maji. Baba akamshukuru, "Wabeja," akanywa yote. Waliotafuta tatizo wiki nenda rudi wakaliona kabla chai waliyonipa haijapoa: rimu moja ilikuwa imepinda, na tairi zilikuwa zimekaa sana kabla hazijauzwa, zikabonyea upande mmoja. Wakabadilisha zote. Niliketi pembeni ya baba nikiwa na hasira.

Jioni ile ile tuliondoka. Tulipita Isaka, tukapita Tinde, nami nikaongeza mwendo kidogo kidogo, vidole vyangu vikitafuta lile tetemeko kwenye usukani. Halikuwepo. Gari lilikuwa kimya, likiteleza kama nilivyoahidiwa siku ya kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu nilinunue nilitamani kucheka.

"Baba, unaona? Limetulia."

Aliinama akaishika miguu yake, mmoja halafu mwingine, akaibonyeza kwa vidole gumba kama anayempima ndama.

"Kiunoni limetulia," alisema. "Huku chini siwezi kukwambia."

Nilikanyaga mafuta, na gari likaenda bila kutikisika hata kidogo.